Faili Ikiburutwa, Ihame au Inakiliwe?

Shika faili kwa kipanya, iburute, iachie juu ya folda nyingine. Katika Windows na katika Mac, tendo hilo moja lina matokeo mawili. Folda ikiwa kwenye diski ileile, faili inahama na haipo tena ilikokuwa. Folda ikiwa kwenye diski nyingine, tuseme flashi, faili inanakiliwa: ipo huku na ipo kule. Mkono umefanya kazi ileile, jicho limeona mwendo uleule, lakini kompyuta imejiamulia yenyewe. Programu ya faili ya GNOME, kwenye Linux, inafuata kanuni hiyohiyo. Dolphin, programu ya faili ya KDE, nayo ya Linux, haifuati. Ukiachia faili, inafungua menyu ndogo na kukuuliza: ihamishwe, inakiliwe, au iwekewe kiungo tu?

Wanaotengeneza programu hizi wamebishana juu ya jambo hili miaka mingi, na wanaozitumia wameumia nalo kimyakimya. Siamini kwamba ni ubishi wa mafundi peke yao. Orodha ya mishahara, cheti, majibu ya mgonjwa, tasnifu ya mwanafunzi, vyote siku hizi ni faili, na vyote hupita chini ya kidole kimoja. Kwa hiyo nimewapa nafasi wazungumzaji watatu, sauti nilizozitunga ili kila hoja ipate mtetezi wake: MWALIMU, anayewafundisha kompyuta watu wazima wanaoanza; FUNDI, kijana anayetunza mashine za Linux na anayeipenda Dolphin; na MASJALA, mama aliyetunza majalada ya ofisi tangu yalipokuwa ya karatasi. Nitaingilia kati pale nitakapoona panahitaji.

MWALIMU: Nianze na wanafunzi wangu, maana wao ndio wanaolipia kanuni hii. Mtu mzima anakuja darasani na flashi yake. Kitu cha kwanza anachojifunza ni kutoa barua kwenye flashi na kuiweka kwenye kompyuta. Anaiburuta, anaona imetokea eneo-kazi, anatazama kwenye flashi, bado ipo. Anaondoka na somo moja kichwani: kuburuta ni kunakili. Wiki inayofuata anaburuta barua kutoka eneo-kazi kwenda kwenye folda ya Nyaraka. Baada ya siku mbili anaiona pale kwenye Nyaraka, anajiambia hiyo ni nakala tu, ile yenyewe iko eneo-kazi, anaifuta. Kumbe haikuwa nakala. Ndiyo faili yenyewe, na eneo-kazi hakuna kitu. Mtu huyu hakuwa mzembe. Alifuata alichofundishwa na mashine yenyewe.

FUNDI: Naomba nimtetee aliyeitunga, Mwalimu, kwa sababu kanuni ile ina mantiki yake. Faili ndani ya diski haikai ndani ya folda kama tunavyoiona kwenye skrini. Data yake iko mahali fulani kwenye diski, na folda ni orodha tu inayosema jina hili linapatikana pale. Ukihamisha faili ndani ya diski moja, data haiguswi hata kidogo. Jina linafutwa kwenye orodha moja na kuandikwa kwenye nyingine. Ndiyo maana filamu ya gigabaiti nne inahama kufumba na kufumbua. Ukivuka diski, hilo haliwezekani. Data yote isomwe huku, iandikwe kule. Katika Linux, programu ikiomba faili ibadilishiwe jina kuvuka mpaka huo, kiini cha mfumo kinakataa na kurudisha kosa. Amri ya mv inayojulikana na kila mtu wa Unix inapokutana na kosa hilo hunakili kwanza, kisha hufuta faili ya asili. Kwa hiyo kuhama kuvuka diski ni vitendo viwili, na cha pili ni kufuta. Waliotunga kanuni waliona si busara kufuta kitu cha mtu bila yeye kusema.

MASJALA: Kwa maelezo yako, mwanangu, mashine inafanya kilicho chepesi kwake.

FUNDI: Ndiyo, mama. Chepesi, na salama pia.

MASJALA: Salama kwa nani, tutafika huko.

Hapa niongeze historia kidogo, kwa kuwa kanuni hii ina umri wake. Kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, iliyowaletea watu wa ofisini aikoni za hati na folda kwenye skrini, haikutumia kuburuta. Kibodi yake ilikuwa na kitufe maalumu cha kuhamisha na kingine cha kunakili. Mtu alichagua hati, akabonyeza kitufe cha tendo analolitaka, akaonyesha mahali. Mashine haikuwa na cha kukisia. Kisha Apple ikaja na Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, zikiwa na kipanya cha kitufe kimoja, na kuburuta kukachukua nafasi ya vile vitufe. Tendo likawa jepesi kiasi kwamba mtoto aliliweza. Lakini kitu kimoja kilidondoka njiani: anayeburuta anasema kitu gani na kiende wapi, hasemi kifanyweje. Pengo hilo lilihitaji kuzibwa, na mpaka wa diski ndio uliotumika kuliziba.

Kwa wakati ule lilizibwa vizuri. Macintosh ya kwanza ilitumia disketi za kilobaiti 400. Mpaka wa diski ulikuwa kipande cha plastiki unachokichomeka na kukichomoa kwa mkono wako. Aliyeburuta faili kwenda disketi nyingine karibu kila mara alitaka kumpelekea mwenzake au kujiwekea akiba, na aliyeburuta ndani ya disketi ileile alikuwa anapanga vitu vyake. Kanuni ilikisia nia ya mtu kwa kutazama kitu ambacho mtu mwenyewe alikuwa anakiona. Kidhibiti Faili cha Windows 3.1, mwaka 1992, kilikuwa na kanuni hiyohiyo, na juu yake kilimuuliza mtu kwanza kama ana hakika. Si wote waliofuata njia hiyo. Katika RISC OS, mfumo wa kompyuta za Acorn zilizoenea kwenye shule za Uingereza, kuburuta kulinakili siku zote, diski iwe ipi. Aliyetaka kuhamisha alishikilia Shift. Mtoto wa shule hakuhitaji kujua disketi inaishia wapi.

MWALIMU: Na huo ndio uwe mfano! Nipe kanuni moja ambayo ni kweli kila siku. Kuburuta ni kunakili, basi. Anayenakili asichokusudia atakuwa na faili mbili. Anayehamisha asichokusudia anaweza kubaki hana hata moja.

MASJALA: Mwalimu, samahani, hapo sikubaliani nawe kabisa. Faili mbili si jambo dogo. Kwenye masjala, nakala mbili za waraka mmoja ni ugomvi uliochelewa tu. Huyu amesahihisha nakala iliyo kwenye folda ya "Zinazoendelea", yule amesahihisha iliyo kwenye "Zilizofungwa", mkurugenzi amesaini ya tatu aliyotumiwa kwa barua pepe. Ukifika mbele ya mkaguzi huna waraka, una nyaraka tatu zinazokanushana. Mimi nikihamisha jalada nataka liondoke. Nikitaka nakala nitasema nakala.

MWALIMU: Lakini mama, nakala iliyozidi unaweza kuifuta. Faili iliyopotea...

MASJALA: Nifute ipi? Hilo ndilo swali. Zote mbili zina jina moja na tarehe moja ya kuhaririwa. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na Fundi atanisahihisha nikikosea. Katika Windows, ukihamisha faili ndani ya diski moja, kwa kawaida inakwenda na ruhusa zake za zamani. Ukiinakili, inapokea ruhusa za folda inakoingia.

FUNDI: Hujakosea, mama. Ndivyo ilivyo kwenye NTFS, mfumo wa faili wa Windows.

MASJALA: Sasa fikiria. Barua ya nidhamu ya mtumishi iko kwenye folda ya siri. Mtu anainakili kwa kuiburuta huku ameshikilia Ctrl, anaiweka kwenye folda ya idara, na hapohapo kila mwenye ruhusa ya idara anaweza kuisoma. Angeihamisha, ingebaki imefungwa na wenzake wangelalamika kwamba haifunguki. Haya si mambo ya kasi ya diski. Ni nani anasoma na nani hasomi. Na mkono unaoburuta hauambiwi lolote.

Naona hapa ndipo mjadala ulipoanza kugusa kiini chake, lakini Fundi alikuwa bado hajasema la Dolphin, na ni haki yake.

FUNDI: Wote wawili mnabishana mashine ikisie lipi. Mimi nasema isikisie. Dolphin inakuuliza, na inakuuliza palepale kidole kilipo. Menyu inafunguka chini ya mshale, unachagua, umemaliza. Wala si kila mara. Ukishikilia Shift inahamisha bila kuuliza, Ctrl inanakili, Ctrl na Shift kwa pamoja inaweka kiungo. Aliyejieleza hasumbuliwi, anaulizwa aliyenyamaza. Hata Windows inalo jambo hili, ila imelificha: buruta kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukiachia utapata menyu, na lile ambalo ingelifanya yenyewe limeandikwa kwa herufi nzito. Kwa nini adabu hiyo ifichwe kwenye kitufe cha kulia?

MWALIMU: Kwa sababu swali linaloulizwa mara mia kwa siku halisomwi. Fundi, wewe mwenyewe umeshaacha kusoma menyu hiyo, kweli au si kweli? Mkono wako unajua lililo juu ni kuhamisha. Umeachia, umebonyeza, umeendelea. Siku utakayokosea folda utabonyeza hivyohivyo. Na mwanafunzi wangu akiona "kiungo" kwenye orodha atauliza kiungo ni nini, na nitakuwa nimeongeza somo la tatu juu ya mawili. Ile Windows ya 1992 iliyouliza "una hakika?" iliachana na swali hilo kuanzia Windows 95, na ikatoa kutendua kwa Ctrl na Z. Hayo ni maendeleo. Mwache mtu afanye, na umpe njia ya kurudi.

FUNDI: Swali la "una hakika?" lina jibu moja tu, ndiyo, kwa hiyo halifundishi chochote. Swali la Dolphin halina jibu moja. Lazima useme unachotaka. Naona tofauti kubwa hapo. Na kuhusu kutendua, Mwalimu, ili utendue inabidi ujue kwamba umekosea. Windows inahesabu kuwa umeanza kuburuta mshale ukisogea pikseli nne tu huku kitufe kimebonyezwa. Pikseli nne! Mkono uliochoka, kipanya kibovu, mtu anayebonyeza mara mbili huku anaongea na mteja: folda inachukuliwa na kuangushwa ndani ya folda jirani. Hakuna sauti, hakuna ujumbe. Mwenyewe anadhani amefungua folda na haikufunguka, anabonyeza tena kitu kingine. Atatendua nini, wakati hajui kama kuna kilichotendeka?

MASJALA: Hilo nimeliona kwa macho. Folda ya mishahara kwenye seva ya ofisi, asubuhi haipo. Idara nzima imesimama, watu wanatazamana, mmoja ameshaanza kushukiwa. Mchana ndipo ikapatikana, iko ndani ya folda ya likizo. Aliyeiangusha humo hajajulikana mpaka leo, na naamini mwenyewe hajui.

Katika hoja hii ninasimama na Fundi bila kusita. Kutendua ni zawadi kubwa, na ningependa kila programu iwe nayo. Lakini kumbukumbu ya kutendua iko kwenye mashine ya aliyetenda, na akiizima kompyuta jioni imeondoka. Mwenzake anayeikuta folda haipo hana cha kutendua. Kanuni ya 1984 ilitungwa kwa mtu mmoja mbele ya disketi yake. Sisi tunaifuata tukiwa watu thelathini juu ya seva moja.

Nikamwomba Fundi arudi kwenye ile hoja yake ya kwanza, kwamba kuhama ni rahisi na kunakili ni ghali.

FUNDI: Hiyo nakiri imepungua nguvu. Mwaka 2017 Apple ilianza kuziwekea Mac mfumo mpya wa faili, APFS. Ndani yake, Finder, programu ya faili ya Mac, ikinakili faili kwenye diski hiyohiyo, data hairudufiwi. Nakala zote mbili zinaelekeza kwenye data moja, na tofauti inaandikwa pale tu moja inapohaririwa. Btrfs kwenye Linux ina uwezo huohuo. Kwa hiyo kunakili ndani ya diski kunaweza kuwa kwepesi karibu sawa na kuhama. Na mpaka wenyewe wa diski umevurugika. Mtu ananunua kompyuta yenye diski moja, aliyemwekea Windows ameigawa kuwa C na D. Akiburuta kutoka C kwenda D inanakili, ingawa ni kifaa kilekile kimoja ndani ya kasha. Kwangu mimi, folda ya nyumbani iko kwenye sehemu yake ya diski na data nyingine iko kwenye sehemu nyingine. Zote naziona kwenye mti mmoja wa folda, hakuna herufi ya diski, hakuna mstari. Kama Dolphin isingeniuliza, ningeburuta hatua mbili kushoto ingehama, hatua mbili kulia ingenakili.

MWALIMU: Na bado unataka mwanafunzi wangu alijue hilo?

FUNDI: Sitaki, Mwalimu. Ndiyo maana napenda kuulizwa.

MASJALA: Subirini kwanza, kwa sababu hamjagusa wingu. Folda ya OneDrive, au ya Dropbox, kwenye kompyuta yangu iko wapi?

FUNDI: Kwa kawaida iko kwenye diski C, mama, ndani ya folda yako ya mtumiaji.

MASJALA: Basi kwa kanuni yenu, folda ya wingu na eneo-kazi langu ni diski moja. Nikiitoa ripoti kwenye folda tunayoshirikiana na wenzangu wa mikoani, nikaiweka eneo-kazi niisome vizuri, inahama.

FUNDI: Inahama.

MASJALA: Na wao?

FUNDI: Kwao inatoweka pia. Programu ya wingu inaona faili imeondolewa kwenye folda ya pamoja, inaiondoa kila mahali. Inaweza kurejeshwa kutoka kwenye pipa la taka la mtandaoni kwa muda fulani, lakini lazima mtu ajue pa kuitafuta.

MASJALA: Hapo ndipo nilipokuwa nawangoja. Mlisema mashine haitaki kufuta kitu cha mtu bila yeye kusema. Imefuta cha watu ishirini, kwa sababu imetazama diski na haikuwatazama watu. Katika masjala ya karatasi, jalada halitoki bila kuandikwa kwenye daftari: limekwenda kwa nani, tarehe ngapi. Hatukuandika ili kumzuia anayelichukua. Tuliandika ili atakayelikosa ajue pa kulifuata. Mimi sihitaji kuulizwa ninapopanga vitu vyangu ndani ya folda yangu. Huko nihame ninavyotaka, na Ctrl na Z inanitosha. Nataka kuulizwa pale ambapo mkono wangu unamnyang'anya mtu mwingine.

Hiyo ndiyo hoja ninayoishika, na nimeishika kabla ya kumpa yeye maneno. Kanuni ya sasa inauliza swali la mashine: je, ni diski moja? Anayeburuta ana swali jingine kabisa: je, nikiachia, kuna atakayekosa kitu, au kuna atakayepata asichostahili? Zamani maswali hayo mawili yalikuwa na jibu moja, kwa sababu disketi nyingine kwa kawaida ilikuwa ya mtu mwingine au ya kazi nyingine. Leo yameachana. C na D ni za mtu mmoja, kanuni inazitenganisha. Folda yangu na folda ya wingu ya ofisi nzima ziko C, kanuni inaziunganisha.

MWALIMU: Nikubali hivyo, lakini nina shaka moja. Mama anataka kanuni yenye masharti. Katika folda yangu ihame, nikitoa kwenye folda ya pamoja iulize. Si tumerudi palepale, tendo moja na matokeo mawili?

MASJALA: Tofauti ni kwamba mwanafunzi wako anajua folda ipi ni yake na ipi ni ya ofisi. Diski hajui.

MWALIMU: Hilo kweli.

FUNDI: Na kielelezo kipo. Windows 95 yenyewe iliweka kando kanuni ya diski pale ilipoona madhara: ukiburuta faili ya programu, ilitengeneza njia ya mkato badala ya kuihamisha, kwa sababu programu iliyohamishwa kutoka kwenye folda yake inaweza kukataa kufanya kazi. Watu walilalamika kwamba ni kanuni ya tatu juu ya mbili, na walikuwa na haki. Lakini wazo la msingi, kutazama kitakachoharibika, lilikuwa sahihi. Halafu Apple: ukitoa faili kwenye iCloud Drive kwa kuiburuta, Finder inakuonya kwamba itaondolewa kwenye iCloud. Onyo hilo linaweza kuzimwa kwenye mipangilio, lakini linakuja likiwa limewashwa. Kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani. Kompyuta inajua folda ipi iko kwenye seva, na folda ya wingu inaichorea alama yake. Habari inayo. Haijaitumia tu.

Mwalimu akaomba kurudi kwenye flashi, na nashukuru alifanya hivyo, kwa sababu alileta upande ambao sisi sote watatu tulikuwa tunaupita.

MWALIMU: Wanafunzi wangu wengi hawana kompyuta nyumbani. Kazi zao wanazifanyia steshenari. Mtu anachomeka flashi yake, mhudumu anaiburuta barua ya maombi ya kazi kwenda eneo-kazi, anaichapa, anapokea pesa. Kanuni inasema diski mbili, basi inakili. Mteja anaondoka na flashi yake ikiwa kamili, ameridhika. Lakini nyuma yake, eneo-kazi la duka limejaa. Wasifu, vyeti vya kidato cha nne, picha ya kitambulisho cha taifa, mkataba wa nyumba. Yeyote anayeketi pale baada yake anaweza kuvifungua. Hakuna aliyemwibia. Kompyuta imefanya lile tunaloliita salama.

MASJALA: Hapo ndipo nilipouliza salama kwa nani.

FUNDI: Lakini tukisema ihame, faili itaondoka kwenye flashi ya mteja. Ni vibaya zaidi.

MWALIMU: Najua. Ndiyo maana nawafundisha wamwambie mhudumu aifungue faili palepale kwenye flashi na kuichapa humo, bila kuiburuta kokote. Lakini ningetamani kompyuta ya kukodi isaidie, iwe na pahali panapojifuta mteja akichomoa flashi yake.

Wazo hilo la mwisho naliona ni zuri kuliko mengi yaliyosemwa, na halihitaji uvumbuzi. Linahitaji mtu anayetengeneza mipangilio ya mashine za dukani alifikirie. Kuna hatari mbili katika kila mwisho wa kuburuta, kupotea na kuvuja, na mabishano ya mafundi kwa miongo minne yameijadili zaidi ile ya kwanza. Kuhama kunatishia kupotea. Kunakili kunatishia kuvuja. Aliyezoea kufanya kazi peke yake kwenye kompyuta yake haioni ile ya pili, kwa kuwa nakala zake zote zinabaki kwake. Kwa anayetumia kompyuta ya duka, ya shule, ya maktaba, au ya ndugu, ya pili ndiyo kubwa.

Nikawauliza kila mmoja: ungekuwa na mamlaka ya kubadili jambo moja, lingekuwa lipi?

MWALIMU: Lebo. Windows, unapoburuta, inaonyesha maandishi madogo kando ya mshale, kwamba utahamishia Nyaraka au utanakili kwenye flashi. Ni jambo zuri kuliko yote katika habari hii, kwa sababu linasema kabla hujaachia, wala halikusimamishi. Lakini ni madogo mno, yanafunikwa na picha ya faili yenyewe, na mwenye macho ya miaka sitini hayaoni. Kwingine kuna kialama cha kujumlisha tu ikiwa ni nakala, na mtu hajaambiwa popote maana yake. Yakuzwe. Yasomeke kwa lugha ya anayeburuta.

FUNDI: Mimi ningeongeza zile pikseli nne. Ndani ya folda za pamoja, mshale usafiri mbali zaidi kabla haujahesabiwa kuwa unaburuta. Na Dolphin iendelee kuuliza, samahani Mwalimu.

MWALIMU: Iulize kwenye mashine yako, mdogo wangu.

MASJALA: Lebo ya Mwalimu nimeipenda, ila haijakamilika. Isiniambie faili inakwenda wapi tu. Ikiwa ni folda ya pamoja, iniambie inaondoka kwa watu wangapi. "Itaondoka kwa watu 23." Nikiona hivyo, kidole chenyewe kitasita.

FUNDI: Idadi hiyo programu ya wingu inayo, mama, maana ndiyo iliyowaalika. Kwenye seva ya ofisi ni kazi zaidi, kwa sababu ruhusa hutolewa kwa vikundi, na kikundi kinaweza kuwa na vikundi vingine ndani yake. Lakini jina la kikundi linapatikana. Inaweza kusema "itaondoka kwa idara ya fedha".

MASJALA: Hiyo inatosha. Idara ya fedha naijua ilipo. Nitakwenda kuwauliza kwanza.